Kituo Nilichokifuta kwa Rula

Ipo siku moja ya mwezi wa kumi ambayo hainitoki kichwani, mwanangu Pendo, na nisingeisimulia leo kama Jumapili iliyopita usingenitibua. Ulikuja hapa Mabatini, ukaniamkia vizuri, ukala sato wetu ukamaliza na mchuzi, kisha sahani zikiwa bado mezani ukafungua kompyuta yako. Ukanionyesha reli mpya na treni za mizigo za miaka ijayo, kutoka bandarini Dar es Salaam hadi Isaka, na kutoka Isaka hadi huku kwetu ziwani, kila treni na rangi yake. Inapendeza, sikatai. Mimi mjomba wako nimeisubiri hiyo reli mpaka nimechoka kuulizwa habari zake kila ninapokwenda kunyoa.

Halafu ukaweka kidole kwenye kituo kimoja kidogo, ukasema, "Hiki tunakiondoa, Mjomba. Hakina mzigo." Nikakuuliza kama umewahi kufika. Ukaniambia, "Takwimu zipo." Nikanywa chai yangu, maana daktari amenikataza kupandisha presha. Lakini tangu siku hiyo silali vizuri, na simu zangu hupokei, kwa hiyo nakuandikia. Na wenzako wa ofisini wakitaka kusoma, wape wasome.

Nilikuwa na umri kama wako. Nilitoka chuo cha reli na cheti kizuri, nikapangiwa ofisi ya ratiba hapa Mwanza, chumba chenye dirisha linalotazama yadi na meza ndogo kuliko karatasi tuliyoitandaza juu yake. Ubavuni mwa karatasi tuliandika vituo vyote kutoka Mwanza mpaka Tabora, na juu tuliandika saa. Kila treni ilikuwa mstari wa penseli unaoteremka kwa mshazari. Treni ikisimama kituoni, mstari unalala. Reli yetu ilikuwa ya njia moja, kwa hiyo mistari miwili ikikutana mahali pasipo na njia ya kupishana, hapo umechora ajali. Karani alitakiwa aione kabla dereva hajaiona.

Kazi ile niliipenda kupita kiasi. Nilikuwa na penseli za aina tatu na rula ya chuma ambayo sikumruhusu mtu kuigusa. Nikiona mistari imeteremka yote sawasawa, moyo wangu unatulia. Nikiona mstari umelala bila sababu, nakosa raha kutwa nzima. Siku hizi nikikumbuka jinsi nilivyokuwa, natamani nirudi nikajizabe kofi.

Treni moja ya mizigo ilinikera kuliko zote. Ilivuta mabehewa ya pamba na, kwa nyuma, mabehewa ya ng'ombe wanaopelekwa mnadani Dar es Salaam. Ilikwenda vizuri mpaka mbele ya Malampaka, kisha kwenye kituo kimoja kidogo, ambacho hata wewe jina lake hulijui, mstari ulilala saa nzima. Kwa ajili ya saa hiyo ilichelewa kufika Tabora, ikaikosa treni ya kuunganisha ya kwenda Dar, na mabehewa yakalala yadi hadi kesho yake. Nikafungua kitabu cha ratiba, kitabu cha mtindo ule ule tuliorithi kwa Waingereza, nikatafuta sababu ya kusimama. Kilisema: maji ya injini.

Nilicheka peke yangu. Injini za mvuke zilikwisha kustaafu, nyingine zilikuwa pale yadi zinaota kutu mbele ya dirisha langu. Tulikuwa na dizeli. Dizeli haisimami saa nzima porini kujaza tangi. Nikachukua rula, nikafuta, nikachora mstari mmoja ulionyooka kupita kile kituo. Kwenye karatasi treni sasa ikafika Tabora mapema, ikaunganisha, na mkubwa wangu wa kazi akaweka saini akiwa amesimama mlangoni. Akaniambia ofisi ilikuwa inahitaji vijana wa aina yangu.

Wiki ile akaja gadi wa treni ile, Mzee Kasimu, mtu aliyekaa kwenye behewa la mwisho miaka mingi kuliko umri wangu. Alivua kofia yake ya kazi akaishika mkononi, mimi nikabaki nimekaa. Aibu hiyo peke yake ingenitosha.

"Kijana," akasema, "kile kituo turudishie hata nusu saa. Wenye ng'ombe wananyweshea pale. Tangi la zamani bado lina maji, na birika tulilijenga wenyewe."

"Mzee wangu, kituo ni cha maji ya injini," nikamjibu. "Ng'ombe wanyweshwe kabla ya kupakiwa. Na sasa watafika Tabora mapema zaidi, watakunywa huko. Kama una sababu nyingine niandikie, nitaipeleka juu."

"Kuandika kwangu ni kwa shida. Panda siku moja uone."

Nikamwambia nina kazi. Kazi yenyewe, mwanangu, ilikuwa kuchonga penseli.

Siku treni ilipoanza kutumia ratiba mpya, nilitangulia Tabora kwa treni ya abiria. Hakuna aliyenituma. Nilikwenda kujionea kazi ya mikono yangu, nikasimama jukwaani na saa mpya na shati lililopigwa pasi, nikingoja treni yangu iingie kwa dakika niliyoichora. Dakika ikafika, ikapita. Saa ikapita. Treni ya Dar es Salaam ikapiga honi ikaondoka zake. Nikaenda kwa msimamizi wa kituo, akaniambia treni ya abiria iendayo Mwanza iliharibikiwa njiani, na ile ya mizigo imeingizwa kwenye njia ya kupishana kuisubiri. Mahali pale nilipajua kwa jina, kwenye karatasi. Hapakuwa na tangi wala kisima wala mti, na hakuna aliyekuwa anajua itasubiri mpaka lini.

Ilisubiri tangu asubuhi hadi alasiri, katika jua la mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza. Saa niliyoiokoa kwa rula ikapotea mara sita. Na hili ndilo linaloniudhi mpaka leo: kwa ratiba ya zamani wangekuwa nyuma kwa saa moja, na taarifa ya kusubiri ingewakuta wamesimama penye maji.

Treni iliingia jua likiwa limeinama. Mzee Kasimu akashuka, hakunisalimia. Akaniambia tu, "Njoo." Tukatembea hadi mabehewa ya ng'ombe, na harufu ikanipokea kabla sijaona kitu.

Mwenye ng'ombe wa behewa lile alikuwa mzee wa Kisukuma aitwaye Masalu, anatoka vijiji vya nyuma ya Malya. Alipakia maksai wanane. Watano walikuwa wamekufa, wamelaliana, na wale watatu walikuwa wanahema ulimi nje. Pembeni, juu ya furushi la nguo, alikaa mkewe. Macho yake yalikuwa yamefunga ukungu mweupe. Kumbe ndiye aliyekuwa anapelekwa. Daktari wa Dar es Salaam alikwisha mpangia siku ya kupasuliwa macho, na wale maksai ndio waliokuwa wauzwe ili wamudu matibabu na kukaa mjini. Alikuwa bado anaona kidogo, kivuli cha mtu na mwanga wa mlango, na daktari alisema akichelewa hata hicho kitakwenda.

"Wangapi wamesimama?" mama yule akamuuliza mumewe.

"Watatu," Masalu akajibu.

Mama alivuta kanga yake akajifunika mabega.

Masalu akauliza nani aliyeondoa kile kituo. Mzee Kasimu angeweza kuninyooshea kidole, lakini hakunyoosha. Aliniachia mwenyewe. Nikasema ni mimi. Yule mzee akaniangalia shati, saa, viatu.

"Umewahi kuipanda hii treni?"

"Hapana, mzee."

Nilitegemea atanitukana, na ningeshukuru kama angenitukana. Aliniambia, "Basi shika kamba." Tukawavuta wale maksai waliokufa, mimi na yeye na Mzee Kasimu, mmoja baada ya mwingine, mpaka shati langu likawa halifai tena. Siku ya pili yake Masalu na mkewe walipanda treni ya kurudi Malya. Dar es Salaam hawakufika.

Sasa usikilize hapa vizuri, maana hapa ndipo hasira zangu zote zilipo. Kukifuta kituo kulinichukua mstari mmoja na saini ya mtu aliyesimama mlangoni. Kukirudisha kulinichukua zaidi ya mwaka. Nilikwenda kwa mkubwa yule yule, akaniuliza kwa msingi gani. Nikamwambia ng'ombe wamekufa. Akasema ng'ombe wanakufa hata wakiwa zizini, nimletee takwimu. Nikaandika barua, ikajibiwa kwamba imepokelewa. Nikaandika nyingine kuulizia ile iliyopokelewa. Nikaambiwa kitabu cha ratiba kimekwisha pelekwa kwa mchapaji. Kilipotoka kwa mchapaji nikaambiwa nisubiri toleo lijalo.

Mwisho nilifanya nilichotakiwa kufanya tangu mwanzo: nikaipanda. Nilikaa na Mzee Kasimu kwenye behewa lake, safari baada ya safari, nikihesabu ng'ombe, nikiandika hali zao wanapopakiwa na wanapofika. Na nikaona yale ambayo karatasi yangu haikuwa na nafasi ya kuyaandika. Mzee Kasimu alijua kwa masikio gurudumu lililoanza kupata moto. Alijua ni mlima gani pamba ikilowa inaishinda injini. Kwenye kile kituo akina mama walikuwa wakileta viazi na maziwa ya mgando, na zahanati yao ilikuwa inapokea dawa kwa treni hiyo hiyo, nami nikawa nimewakatia na dawa. Nikamuuliza mzee kwa nini hakuniambia hayo yote ofisini. Akasema, "Ulinipa nafasi ya kukaa?"

Niliandika sababu zake zote kwa mkono wangu, nikazipiga chapa, nikazipeleka. Toleo jipya likatoka na kituo kikiwa ndani, saa nzima, na safari hii kitabu kilisema: maji ya mifugo.

Nilichukua nakala moja nikaenda nayo Malya, kutoka hapo nikatembea mpaka kwa Masalu. Yeye nilimkosa, alikuwa amekwenda msibani kijiji cha pili. Mkewe alikuwa amekaa uani anachambua choroko kwa vidole, na mkwe wake akanisogezea kigoda. Ukungu wa macho ulikuwa umemaliza kila kitu. Nikajitambulisha jina, nikataja na kazi niliyoifanya, maana niliapa njia nzima kwamba sitajificha nyuma ya shirika. Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Treni inasimama tena pale?" akauliza.

"Inasimama, mama. Saa nzima."

"Na maji yapo?"

"Yapo. Nimeyaona mwenyewe."

Akaniomba nimsomee saa ya kufika na saa ya kuondoka, ili awaambie majirani wenye ng'ombe. Nikamsomea. Akazirudia mara mbili ili asisahau. Kisha akageuza uso kunishukuru, akaniombea safari njema na kazi njema, kwa sauti ya upole kabisa. Lakini mimi nilikuwa nimekaa kuliani kwake, na yeye maneno yote yale aliuambia mlango.

Sikumsahihisha. Sikuwa na uso wa kumsahihisha.

Kwa hiyo, mwanangu, usinitajie takwimu. Takwimu hata mimi nilikuwa nazo, zimenyooka. Sikukatazi kufuta vituo. Vipo vinavyostahili kufutwa, na reli haiwezi kusimama kila penye kichuguu. Na hiyo reli yenu mpya ninaitaka ije kabla sijafa, nipande hadi Isaka na kurudi siku hiyo hiyo, nione kama mnasema kweli. Ninachotaka kwako ni kidogo mno na ndiyo maana ninakasirika nikiona hukifanyi. Hicho kituo ulichokiwekea kidole, nenda ukashuke pale. Kaa kutwa, siyo dakika kumi na picha ya simu. Uliza nani anasimama hapo na anasubiri nini. Mtu akikwambia sababu na hajui kuiandika, iandike wewe, tena umpe kiti wakati anasema. Muulize gadi, muulize dereva, muulize mama anayeuza viazi. Ukirudi ofisini na bado unaona kiondoke, kiondoe, lakini andika jina lako pembeni, ili mwenye kupotelewa ajue aje kwa nani.

Mungu akutangulie katika kazi hiyo kubwa mliyopewa nyie watoto wetu. Akupe mkono mwepesi wa kuandika na mzito wa kufuta. Mizigo yenu ifike salama, na wanaoisindikiza wafike nayo wakiwa hai. Na akuepushe, binti yangu, na kushukuriwa na mtu uliyemkosea.