Mke Mwenzangu Amenikataza Kwenda Kwake na Kikapu

Hamjambo wapendwa wa ukurasa huu? Natumaini mu wazima, na aliye kitandani leo Mungu amwinue. Mimi mwili ni mzima, shida iko moyoni. Admin, naomba ufiche jina langu, maana kanisani kwetu wengi wanakusomanga.

Nina miaka arobaini na tisa, ni mjane, naishi karibu na Khayega. Watoto wangu wawili, niliowazaa nikiwa msichana, wana familia zao mbali. Shule niliachia darasa la saba, kwa hivyo mnivumilie.

Nilikuwa mke wa pili. Niseme ukweli wote: sikuletwa, nilijileta. Mume wetu alikuwa fundi wa kujenga nyumba, na nilijua vizuri ana mke, Mama Violet, na watoto wanne. Nilimchukua hivyo hivyo. Miaka kumi na miwili alilala kwangu, kwa mke wake akawa anaonekana kama mgeni. Na mimi nilikuwa nacheka. Nikimwona Mama Violet sokoni nilikuwa napandisha sauti ili asikie jinsi ninavyotunzwa.

Mzee alipofariki, siku ya mazishi mashemeji walisema nisisogee karibu na jeneza. "Huyo akae huko nyuma na majirani." Nikaenda kukaa kwa nyasi. Mama Violet akainuka kwenye kiti chake kando ya jeneza, akapita katikati ya watu wote, akanishika mkono. Akawaambia, "Sogeeni. Huyu pia amefiwa." Akaniketisha kando yake. Leso yake moja ilitufuta machozi sisi wawili.

Mimi niliokoka kwa sababu ya mkono ule. Mhubiri akisema neema, yaani kupewa usichostahili, namwona mama yule akipita katikati ya viti.

Huu ni mwaka wa saba. Tangu siku hiyo sijawahi kufika kwake bila kitu. Napeleka mboga ya mrenda, ndizi, maziwa. Namtekea maji, napalilia mahindi yake, nasiriba jikoni kwake. Watoto wake wako Nairobi, na yeye magoti yamechoka. Kanisani wananisifu, wanasema hivi ndivyo mtu aliyeokoka anavyoishi. Lakini sijawahi kukaa. Nikikaribishwa chai nasema nimeacha sufuria kwa moto. Yeye alikuwa ananitania: "Wewe unakujanga kama polisi, unasimama mlangoni tu. Nani umekuja kumshika hapa?" Tunacheka, naenda.

Jumapili moja tulitoka ibadani, na mahubiri yalikuwa ya neema. Nikampelekea kuku, jike zuri la kutaga. Hakumpokea.

"Umesikia mahubiri ya leo?" akaniuliza.

"Nimesikia, mama."

"Unaamini neema ni ya bure?"

"Naamini."

"Basi rudi na kuku wako."

Nilidhani ni utani, nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Mimi nilikusamehe siku ile mbele ya watu. Lakini wewe unaniletea vitu kama mtu anayelipa faini. Kila ukipiga hodi na kikapu unanirudisha kule kule, nakumbuka ulichonichukulia. Nimeshiba mboga zako. Ukitaka kuja, kuja mikono mitupu. Ukae hapa, tunywe chai, uniulize nimelalaje. Hakuna mtu ananiulizanga nimelalaje."

Nilirudi na yule kuku kwapani, watu wa boda boda wananiita, "Mama, huyo unauza?" Nikakaza mwendo.

Sasa ni wiki tatu sijaenda. Jirani yangu ananiambia, "Wewe peleka sukari tu, nani amewahi kufukuza sukari?" Dada yangu anasema kwenda kwa mtu mkubwa mikono mitupu ni dharau, na ni kweli, sisi mama yetu alitulea hivyo. Lakini mimi najua sababu si malezi. Wapendwa, hiki ndicho sijawahi kumwambia mtu: neno "nisamehe" sijawahi kulitamka mbele ya Mama Violet. Yeye alinisamehe kabla sijaomba, nami nikajificha nyuma ya kikapu. Nikikaa pale bila kitu, atakayeonekana ni mimi tu, yule mwanamke wa sokoni.

Jioni najipikia obusuma, ugali wetu wa huku, nakula peke yangu, na ng'ambo ya shamba naona moshi wa jikoni kwake, naye anakula peke yake. Nimegundua hata Mungu namfanyia hivyo hivyo. Nafagia kanisa, nafunga, natoa, kisha nakimbia. Kukaa tu mbele zake kama mtoto wa nyumbani, sijui kunakaliwaje.

Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza nilifika langoni nikakumbuka nina mayai mkobani, nikarudi. Mara ya pili sikuwa na kitu kabisa. Nilimwona ameketi nje, anachambua maharagwe. Mikono yangu ikakosa mahali pa kukaa. Nikageuka kabla hajainua macho.

Jana nimesikia Violet anakuja mwisho wa mwezi kumchukua mama yake waende wakaishi Nairobi. Huenda asirudi huku tena akiwa hai.

Ndugu zangu mliosamehewa jambo kubwa, mliwezaje kukaa mezani na aliyewasamehe? Nikifika, nianze na neno lile, au nianze kwa kumuuliza amelalaje? Nielekezeni kama dada yenu. Naomba mnijibu upesi, kabla ya Jumapili, maana siku hiyo nataka kujaribu tena.