Valize ya Kocha

Siku ya kwanza ya kazi yangu nilipewa funguo mbili na tusi moja. Funguo zilitoka kwa mama. Baba njo alikuwa mwenye depo, mtunza ghala la vifaa, wa timu ya mpira ya chuo chetu hapa Kindu, lakini alikuwa ameenda Kalima kutafuta chakula, na vita ikafunga njia nyuma yake. Tusi lilitoka kwa Mkuu wa Masomo. Alinikuta nimesimama mlangoni pa depo na sare yangu ya sekondari, akaniangalia toka juu mpaka chini, akasema, "Njo huyu mwenye depo mpya? Hata kusalimia hajui!"

Nilijua kusalimia. Sauti njo haikutoka.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Kila jioni niliandika kwenye kaye yangu, daftari la shule, yale yote niliyoshindwa kuyasema mchana, kwa hiyo kaye ilijaa upesi. Ninyi vijana mnaochukua kazi hii sasa mmeniomba niwaeleze ilivyofanywa zamani. Kaye ile bado ninayo. Nitawaeleza, lakini mnivumilie, kwa sababu kuna watu humu ambao mpaka leo nikiwakumbuka damu inanichemka.

Mwenye depo anatunza jezi, viatu, mipira na neti za goli. Wakati wa vita kazi kubwa ilikuwa kufua bila sabuni. Tulichoma maganda ya ndizi, tukaweka majivu ndani ya kitambaa, tukapitisha maji polepole mpaka yatoke ya manjano, yenye kuteleza kwenye vidole. Hayo maji ya majivu yanatoa jasho na matope, lakini ukizidisha yanakula rangi. Jezi zetu zilikuwa nyekundu. Mwisho wa mwaka wa kwanza zilikuwa na rangi ya ufizi. Majivu hayo hayo njo tuliyatumia kuchora mistari ya uwanja, kwa hiyo kila wiki nilichagua: wachezaji wawe safi, ao watu waone penalti iko wapi.

Kufua kunakufundisha kitu kingine. Nguo ukiifua kwa mikono mara mbili tatu, unaijua kama uso wa mtu. Unajua imechoka wapi, imeshonwa na uzi gani, kwapa lake lina doa gani la mawese. Shikeni hilo, nitalirudia.

Sasa nije kwa masapota.

Masapota wa timu yetu wanachosha. Sijui namna nyingine ya kuiandika. Kabla ya mimi kuanza, kocha mmoja alikuwa amepanda ndege asubuhi bila kuaga, na mpira wa timu chini ya mkono. Basi alipokuja kocha mpya, mtoto wa mfanyakazi wa reli, mzaliwa wa Katanga, mwalimu wa hesabu pale chuoni, hawakumuuliza anajua mpira namna gani. Walimuuliza ataenda lini.

Alisimama mbele yao uwanjani. "Mi siende," akasema. "Hii timu nimeichukua, niko nayo mpaka vita iishe."

"Yule mwingine naye alisema hivyo!" mmoja akapiga kelele.

"Na aliapa kwa mama yake!"

"Mwenye mpira wetu kwapani!"

Prezida wa masapota, fundi wa baiskeli mwenye sauti ya honi, akanyanyua mkono. "Kocha, maneno iko bure. Bibi yako iko Katanga, watoto iko Katanga. Sisi tuko na nini yako hapa? Lete valize."

Kocha akacheka. Alidhani ni mchezo. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akaenda chumbani kwake, nyumba ya chuo, akarudi na valize ya kahawia, sanduku lake la nguo lenye pembe za chuma. Wakaileta depo kwa maandamano, wakiimba, wakaiweka juu ya etajere, ile rafu ya jezi. Prezida akaniambia, "Weye mutoto wa mwenye depo, hii ikitoka hapa, tunakuuliza weye." Nikatikisa kichwa kukubali.

Toka siku hiyo, kila Jumamosi Prezida alikuja kuikagua. Aliigonga kwa vidole kama daktari anavyogonga kifua, akasema "Iko," akaenda. Kuifungua hapana. Kwetu hapa, kufungua valize ya mtu mzima ni haya kubwa. Heri umvue shati njiani. Na kuinyanyua kwenyewe hakufikiri. Kazi yake ilikuwa kugonga.

Mji ulikuwa umezungukwa. Mchele wa Pangi uliingia kidogo tu, samaki wa mto walipungua, watu walikula sombe, yale majani ya muhogo, bila chumvi. Siku moja kwenye mazoezi beki wetu wa kulia alianguka bila kuguswa na mtu. Kocha akamgeuza, akamuuliza, "Umekula lini?" Kijana akasema, "Juzi, Kocha."

Ijumaa ile Kocha akaja depo. Akaomba ruhusa kwangu, mimi mutoto, ashushe valize yake mwenyewe. Akatoa shati moja la mistari na kunipa. "Mama yako mudogo iko anauzisha mchele pale soko, si ndiyo? Umupe hii, ashike, anipe mchele wa wachezaji."

Mama mudogo alikubali, kwa kunung'unika. Jumamosi wachezaji wakala wali baada ya mazoezi, wakadhani chuo ndicho kimetoa. Ijumaa iliyofuata ikatoka suruali. Halafu shati jeupe. Kila mara niliifua nguo kwanza, ionekane na thamani mbele ya macho ya mama mudogo. Koti lake la kijivu lilikuwa limechanika mfuko wa ndani wa kushoto, na mimi sikuwa na uzi, nikachomoa uzi wa bluu kwenye neti ya goli nikashona nao.

"Usiseme kwa mutu," Kocha aliniambia siku ya koti. "Hawa vijana wakijua wanakula nguo zangu, watakataa kula. Nawajua."

Nikatikisa kichwa tena. Kwenye kaye niliandika: *Amenipa siri, amechagua vizuri, hata nisizoambiwa nisiseme sizisemi.*

Lakini Kindu haina macho mawili. Wakamuona Kocha Ijumaa ya kwanza anatoka depo, wakamuona ya pili. Mimi wakaniona nimebeba kifurushi. Halafu siku moja ya katikati ya wiki ndege ndogo ikatua. Kufika saa tisa uwanja ulikuwa umejaa, na haikuwa siku ya mechi. Mechi ilikuwa Jumapili, na timu ya ng'ambo ya mto.

"Anapanga kuenda!"

"Vitu vyake vinatoka kidogo kidogo, kama muwizi wa mahindi!"

"Tulisema! Si tulisema?"

Prezida akaingia depo na watu sita nyuma yake. Safari hii hakugonga. Aliikamata valize kwa mkono wake, na mkono ukaruka juu mpaka karibu aangushe etajere. Ilikuwa nyepesi kama kapu tupu. Akaitoa nje, akaiweka chini katikati ya uwanja, na ile haya yote ikaisha: akaifungua. Ndani kulikuwa na tai moja na mende wawili.

Kelele ya watu sitaisahau. Kila mmoja alikuwa ameelewa jambo lile lile, tena kinyume: Kocha ametuma nguo mbele, yeye mwenyewe atapanda ndege kesho.

Msicheke. Wakati ule mgeni akiitwa mtu wa kukimbia haikuwa mchezo wa mpira tena. Watu wangeanza kuuliza anakimbilia kwa nani, na nani anamungojea kule. Mkuu wa Masomo alikuwa amefika, anapangusa jasho, na Prezida alimwambia mbele ya wote, "Bwana Mkuu, huyu leo atoke nyumba ya chuo. Hatumutaki hapa hata mpaka magaribi." Na Mkuu, ambaye hakupenda fujo, alianza kutikisa kichwa polepole, kwamba ndiyo.

Kocha alisimama mikono nyuma. Wachezaji wake walikuwa pale, wamepanga mstari, wanamuangalia. Alisema tu, "Mi siende." Nikaelewa hatasema nguo zilienda wapi. Angelala barabarani kuliko wale vijana wajue.

Alinitazama, akatikisa kichwa kidogo, kwamba na mimi ninyamaze. Nami kunyamaza njo ilikuwa kazi niliyoiweza kuliko wote. Mkononi nilikuwa na jezi ya kipa, imelowa, maji yananidondokea miguuni. Niliwaangalia watu ili nisimuangalie yeye. Hapo macho yangu yakasimama juu ya Prezida.

Alikuwa amevaa koti la kijivu.

"Baba Prezida," nikasema. Hakuna aliyesikia. Nikasema tena, na sauti ikatoka vibaya, kama ya jogoo anayejifunza. "Baba Prezida, hiyo koti."

"Koti gani? Weye njo ulikuwa unabeba vifurushi! Nyamaza!"

"Mufuko ya ndani. Ya kushoto. Geuza."

"Koti ni yangu! Bibi yangu alinipatia kwa soko!"

"Geuza, baba. Imeshonwa na uzi ya bluu. Uzi ya neti."

Mtu akacheka. Prezida, kwa hasira ya kunionyesha mimi ni muongo, akatoa mfuko nje. Uzi wa bluu ulikuwa pale, mnene, mishono mikubwa ya haraka, mbele ya goli lenye neti ya bluu yenye tundu upande mmoja.

Nilipoanza sikuweza kusimama. Nikamuonyesha karani wa posta: shati lake la mistari, kifungo cha tatu cheusi wakati vingine vyeupe. Nikamuonyesha fundi wa viatu: suruali ya Kocha, imekatwa miguu. Shati jeupe lilikuwa juu ya mtu aliyekuwa amemuita Kocha muwizi wa mahindi. Nilizifua zote. Nilizijua kama sura. Nikasema ziliingia kwa mama yangu mudogo, akaziuza sokoni, zikageuka mchele, na mchele ukaingia pale, nikaonyesha mstari wa wachezaji. Halafu nikaanza kulia, kwa sababu beki wa kulia aliinama akashika magoti, na Kocha alinigeuzia mgongo.

Mimi, mjinga, niliandika kwenye kaye jioni ile nilivyofikiri wakati huo: *Sasa watavua.* Nilidhani watavua zile nguo moja moja waziweke ndani ya valize.

Prezida alirudisha mfuko ndani. Akakohoa. "Basi," akasema, "kumbe Kocha anatupenda."

"Anatupenda sana!" karani wa posta akaitika.

"Mbona hakusema toka mwanzo? Angesema!"

"Bwana Mkuu, huyu abaki nyumba ya chuo. Nani alisema atoke?"

Wakampiga Kocha mgongoni, wakaimba. Hakuna aliyefungua hata kifungo. Na Prezida, Mungu ananisikia, akamuita pembeni akamwambia, nami niko pale na jezi yangu ya maji, "Lakini Kocha, sasa valize iko tupu, haitukingi tena. Utuachie viatu."

Jumapili tulitoka bila mshindi na wale wa ng'ambo. Masapota wakamlaumu Kocha kwamba moyo wake hauko kwenye timu. Wachezaji wetu, wao, walijua. Walikataa wali kama alivyosema, wiki nzima, mpaka Kocha alipokaa chini akala nao kwenye sahani moja. Mimi hakunisemesha siku nne. Siku ya tano alikuja depo akaniambia, "Ulivunja neno langu." Halafu akasema, "Ungenyamaza ningekuwa wapi leo?" Hakuniambia asante. Nilizitia sentensi zote mbili kwenye kaye.

Alibaki mpaka mwisho, kama alivyosema. Treni ya kwanza kuelekea Katanga ilipoanza tena, alikwenda kuona familia yake. Masapota wote walifika stasio, wanalia kwa sauti. Prezida aling'ang'ania kumbebea valize. Akainyanyua, akashangaa, akamuuliza kwa huruma kabisa, "Kocha, unaenda bila kitu?" Alikuwa amevaa lile koti.

Baba alirudi kutoka Kalima mzima, lakini miguu ilikuwa imechoka, hivyo funguo zilibaki kwangu. Nimefanya kazi chini ya makocha kumi na mmoja na Wakuu wa Masomo watano. Kati ya hapo nilihamishiwa biblioteki, kwenye vitabu, miaka miwili, nikarudishwa depo kwa sababu hakuna aliyejua neti zinakunjwa namna gani. Sabuni ilirudi. Mistari sasa inachorwa na chokaa. Kazi imenipa mgongo wa bibi kabla ya miaka ya bibi, na mwezi uliopita niliacha.

Prezida bado yuko, mzee, sauti ile ile. Koti limebaki viraka, vingi vya mkono wangu. Kila mwaka analileta, na kila mwaka nalishona, sijui kwa nini. Wiki yangu ya mwisho kocha mpya, kijana mdogo, alitoa video kwenye simu: anaipenda timu, hatatoka, atakufa nayo. Asubuhi yake masapota walikuwa mlangoni.

"Video iko bure!" Prezida alikuwa anasema. "Zamani hapa kulikuwa mapendo ya kweli! Alete valize!"

Yule kijana alinifuata ndani ya depo, uso umemtoka jasho. "Mama, wanataka valize yangu. Ni desturi ya hapa? Niwape?"

"Wape," nikamwambia. "Lakini nguo ubaki nazo."

Akacheka. Alidhani namfanyia mzaha.