Haluwa ya Mimba Isiyokuwepo

Mtaa mzima ulikula haluwa ya mimba yangu. Mimi mwenye tumbo nilikuwa wa mwisho kupata habari.

Na mimba yenyewe haikuwepo.

Kaeni vizuri niwape mkasa huu, maana hadi leo nikiukumbuka damu inanichemka.

Naitwa Sumbul. Nilikuwa na wiki saba tu tangu niolewe hapa Multan, nyumbani kwa mume wangu Asjad na mama yake, tunayemwita Ammi. Ammi ana moyo mzuri, siwezi kumsingizia. Shida yake ni moja: yeye husema, wengine husikiliza.

Kila Ijumaa alikuwa ananikalisha chini mbele yake, ananimwagia mafuta ya haradali kichwani, kisha ananichua. Anasugua, anakandamiza, halafu anamalizia kwa kukipiga kichwa kwa viganja vyote viwili, pa pa pa pa, mpaka meno yanagongana.

"Kichwa cha bibi harusi lazima kiamke," anasema.

Basi kikaamka.

Jumamosi moja asubuhi niligeukia upande wa kulia kitandani. Chumba kikaondoka. Sitanii jamani, ukuta ulizunguka, dari ikazunguka, feni nayo ikazunguka, na umeme ulikuwa umekatika!

Nikakikumbatia kitanda. Ikapita kama nusu dakika, chumba kikatulia. Kuinuka tu, nikayumba, nikatapika kwenye beseni.

Ammi alikuwa amesimama mlangoni. Akaliona beseni.

"Mashallah!"

"Ammi, hapana, nimegeuka tu kitandani halafu..."

"Shhh! Mwanangu, mambo haya hayasemwi kwa sauti."

Hayasemwi kwa sauti! Adhuhuri haijafika, kilo nne za haluwa zilikuwa zimeshazunguka mtaani. Khala Shamim, mama wa nyumba ya pili, akaja kunipapasa tumbo. Akasema ni mtoto wa kiume, ameona kwa mwendo wangu.

Mwendo gani? Nilikuwa natembea nimeshika ukuta!

Asjad alirudi kazini kanuna.

"Ungeniambia mimi kwanza, Sumbul. Nimepongezwa na muuza maziwa."

"Nikuambie nini? Nikigeuka kitandani dunia inazunguka. Nikitazama juu, inazunguka. Mimi si..."

"Ndizo dalili zenyewe. Ammi kasema."

Ammi kasema. Nilitamani kumrushia kikombe.

Na kwa kuwa sasa tulikuwa wawili, Ammi akaongeza kuchua. Ijumaa na Jumanne. Pa pa pa pa. Kizunguzungu nacho kikaongezeka. Nikiinama kwenye tanuri la mikate, nayumba. Nikianika nguo, nayumba. Siku moja nilikumbatia nguzo ya veranda kama mume wangu.

Wiki ya tatu, nikaingia kwenye siku zangu.

Hapo ndipo kikanuka.

Khala Shamim alisimama mlangoni kwetu na kuuliza, watu wote wanasikia, "Kwani ile haluwa tulikula ya nini?"

Ammi aliona aibu, na aibu yake ikanigeukia mimi. Ghafla nikawa muongo. Nimedanganya mimba ili nisifanye kazi. Mimi! Niliyekatizwa kila nilipofungua mdomo!

Baada ya uongo ikaja husuda. Nikapelekwa kwa mzee mmoja, akanisomea na kunipulizia usoni, nikavalishwa hirizi tatu. Nikageuka kitandani na hirizi zangu, dunia ikazunguka vilevile.

Baada ya husuda kikaja kifafa. Nilimsikia Ammi kwa masikio yangu akimwambia Asjad jikoni:

"Kwao walijua. Tumeuziwa mbuzi kwenye gunia."

Nilingoja mume wangu anitetee. Nilisikia kijiko kikikoroga chai, basi.

Wakampigia simu kaka yangu kule Bahawalpur aje Alhamisi kunichukua. "Nikapumzike." Ila Ammi akasema nifungashe na masanduku yote ya harusi. Huku kwetu, bibi harusi anayekwenda kupumzika na masanduku yake yote harudi.

Nililia mpaka nikakasirika, nikakasirika mpaka nikachoka.

Jumanne ile, sikio la Ammi likaziba. Likaziba kabisa, hata adhana hasikii. Asjad yuko kazini, nani wa kumpeleka? Si muongo wake, mgonjwa wake wa kifafa? Nikabeba mkoba wake, tukapanda riksha hadi kwa daktari wa masikio.

Daktari Tehmina alikuwa mama wa makamo, mkavu, hana maneno mengi. Akamsafisha Ammi sikio. Mimi nikiwa nimesimama pembeni, nikainua macho kutazama saa iliyokuwa juu ya kabati.

Twende! Saa ikaondoka, kabati likaifuata, nami nikaangukia trei ya vyuma vyake.

"Usihangaike, daktari," Ammi akasema. "Huyu ana kifafa. Keshokutwa anarudi kwao."

Daktari hakumtazama.

"Mama, sijakuuliza wewe. Namuuliza yeye."

Jamani, nililia hapohapo. Wiki saba nyingine zilikuwa zimepita, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza mimi. Nikasema yote. Kitandani, tanuri, nguo, nusu dakika. Nilimaliza kila nilichotaka kusema na hakuna aliyenikatiza.

Akanikalisha kwenye kitanda chake, akakishika kichwa changu, akanigeuza kulia na kunilaza haraka, kichwa kikining'inia ukingoni. Chumba kikalipuka kuzunguka. Nikamng'ang'ania mkono.

"Usifumbe macho. Mama, njoo uone."

Ammi akainama. Macho yangu yalikuwa yanarukaruka yenyewe.

"Hicho si kifafa, wala si jini," daktari akasema. "Ndani ya sikio kuna vijiwe vidogo kuliko punje ya chumvi. Vinatusaidia kujua tumekaaje. Vyake vimehama, vimeingia pasipo pake. Kila akigeuza kichwa, sikio linamdanganya kwamba anazunguka."

Akangoja kizunguzungu kitulie. Akanigeuza kichwa kushoto, akangoja. Akanilaza ubavu nikitazama sakafu, akangoja. Akaniinua. Haikufika dakika kumi.

"Uliwahi kugonga kichwa?"

"Hapana, daktari. Ila kila Ijumaa..."

Daktari akafuata macho yangu hadi kwenye viganja vya Ammi, bado vinanukia haradali.

"Mara nyingi hatujui kwa nini vinahama," akasema. "Lakini hayo makofi, mama, yaache."

Na Ammi alisikia vizuri sana. Sikio lilikuwa limetoka kusafishwa.

Alhamisi asubuhi niligeukia kulia. Ukuta ukabaki mahali pake. Kaka yangu alikuja, akala pilau, akarudi Bahawalpur peke yake.

Mnadhani Ammi aliomba radhi? Thubutu! Ammi akawa daktari. Kila mwanamke wa mtaa aliyesema "kichwa" alilazwa na kuzungushwa. Khala Shamim alizungushwa kwa maumivu ya goti.

Miezi mitano baadaye, asubuhi, nikatapika.

Ammi akatokea. Akaliona beseni. Nikamwona anakunja mikono ya nguo.

"Lala, mwanangu. Vijiwe vimehama tena."

"Ammi, hapana, safari hii sizunguki, ni..."

"Shhh! Mimi najua."

Siku nne mfululizo nililazwa, nikageuzwa kulia, nikageuzwa kushoto. Siku ya tano nikakata shauri. Nilitoka peke yangu, nikapima, nikapitia dukani, nikanunua haluwa kilo nne. Nikabisha hodi nyumba moja baada ya nyingine, mimi mwenyewe, bila haya. Khala Shamim alikula vipande viwili na mdomo wazi.

Ammi nilimpa wa mwisho.

"Haluwa ya nini hii?" akauliza.

"Ya mjukuu wako, Ammi. Yule uliyekuwa unamzungusha."

Kwa mara ya kwanza tangu niingie nyumba ile, Ammi alinisogezea kiti, akasema, "Haya, niambie. Unajisikiaje?"

Na nyinyi wenye wagonjwa majumbani, nawaomba kitu kimoja tu. Kabla ya dawa, kabla ya hirizi, kabla ya haluwa, mwulizeni mgonjwa mwenyewe. Halafu mwacheni amalize kusema.