Kesi ya mbuzi wa Kwamsisi

Wiki iliyopita, katika ofisi ya kijiji Kwamsisi, nilimkuta bibi mmoja na mkwe wake wameketi benchi moja, kila mmoja akitazama upande wake. Mjukuu alikuwa ametoka kuugua malaria. Mkwe alitaka mbuzi wa bibi wauzwe, kwa kuwa zizi lao liko nyuma ya chumba cha mtoto na limejaa mbu.

Dada mtafiti kutoka Korogwe alikuwa amenasa mbu zizini na chumbani. Siku hiyo alileta majibu.

"Kwa macho ni walewale, hata kwa hadubini," alisema. "Tulipopima vinasaba, kumbe ni aina mbili. Wa zizini karibu wote hufuata damu ya mifugo. Wa chumbani ndio wa malaria, na huzaliana kwenye maji yaliyotuama yenye majani."

"Kwa hiyo mbuzi wangu hawana kesi?"

"Hawana, bibi."

"Lakini wananuka, mama," mkwe alinong'ona. Kisha akainamisha kichwa. Kidimbwi chenye majani ni chake, cha kumwagilia mchicha.

Nilingoja bibi amsute. Akakaza kanga kiunoni. "Inuka, mwanangu. Fyekeo langu, kidimbwi chako. Twende tukafyeke."

Kwetu kulikuwa na wajomba wawili waliofuatana kuzaliwa, wakafanana hata mama yao akawachanganya. Mdogo alichapwa utoto wake wote kwa makosa ya mkubwa. Yeye hakupata mtu wa kumpimia. Mbuzi wa Kwamsisi wamempata.