Maua Yaliyowauma Samaki wa Abti Dakane

Sisi tuliokulia Garissa kabla simu hazijaanza kupapaswa kwa kidole tulikuwa na vitu vichache vya kutazama, na kwa hiyo tulivitazama sawasawa. Tulitazama punda wa maji wakipanda kutoka mto Tana na mapipa yao, tukamjua kila punda kwa tabia zake. Tulitazama twiga wakivuka barabara nje ya mji bila haraka, magari yakiwasubiri. Na kama uliishi mtaa wetu wa Iftin, ulikuja pia kutazama kitu ambacho hakuna mtaa mwingine uliokuwa nacho: bahari ndani ya kioo, sebuleni kwa mama yangu.

Bahari hiyo ilikuwa ya Abti Dakane. Abti ni mjomba, na huyu wetu alikuwa mdogo wake mama, fundi wa friji, mtu mrefu mwenye maneno machache. Alifanya kazi miaka mingi katika hoteli za Malindi, na kazi ilipokwisha akarudi nyumbani na sanduku la spana na hamu ya bahari ambayo hakuikubali hata tulipomtania. Akagundisha vioo vitano, akatengeneza tangi, akaliweka juu ya meza pembeni mwa kabati la vyombo. Betri ya lori na sola ziliendesha pampu ya hewa. Feni ndogo aliyoing'oa kwenye kompyuta mbovu iliyapuliza maji yasichemke, maana joto la Garissa mnalijua. Maji ya chumvi yalikuja kwa basi kutoka Malindi ndani ya madebe ya manjano, pamoja na mawe ya baharini, na mwisho wakaja samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, mmoja mkubwa, mmoja mdogo.

Mji mzima ulicheka. Watu wa ngamia na mbuzi hawana mazoea na samaki, na wazee wetu wengine waliwaita nyoka wa maji. Lakini watoto tulikuwa wageni wa kudumu. Tukitoka dugsi, chuo cha Kurani, vidole vimejaa wino mweusi wa kuandikia kwenye ubao wa loho, tulikimbia moja kwa moja mpaka kwenye kioo. Tulikaa chini kwenye mkeka na vikombe vyetu vya chai ya maziwa yenye iliki, mdomoni vipande vya anjera iliyopakwa samli na sukari, tukawatazama wale wawili wakizunguka jiwe lao. Leo ukimwekea mtoto samaki wawili mbele yake, atawapiga picha, atazituma, kisha atauliza kuna nini kingine. Sisi tulitazama mpaka tukajua yupi anaamka na hasira.

Mama hakuwahi kuiona bahari hata siku moja. Yeye alikuwa mtu wa mbuzi. Alikuwa nao kama kumi na watano nyuma ya nyumba, na aliwatibu mwenyewe, akiwadunga sindano kwa mkono ambao mbuzi mwenyewe hakuusikia mpaka kazi imekwisha. Tangi la Abti aliliona kama upuuzi wa mdogo wake, akalivumilia kama dada anavyovumilia.

Halafu Abti akaitwa Takaba, kule mbali Mandera, kutengeneza friji za chanjo. Alisema wiki tatu. Alimwonyesha mama mstari aliouchora kwenye kioo: maji yakishuka chini yake, aongeze ya mvua, si ya mto, na si ya chumvi, kwa sababu jua huondoka na maji lakini chumvi huibakiza. Alimwonyesha chakula, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili. Kisha akasema, "Abaayo, hawa ni amana." Abaayo ni dada. Na amana, kwa mama yangu, halikuwa neno la kusemwa ukiwa umesimama mlangoni. Alimwambia aketi, alirudie tena akiwa ameketi, ndipo akaitikia.

Mvua za mwaka ule zikakata barabara. Wiki tatu zikawa mwezi, mwezi ukawa miezi.

Ua la kwanza nililiona mimi. Lilikuwa limeota kwenye jiwe la mwisho kuja kutoka Malindi, la rangi ya kahawia, jembamba, lenye nywele ndefu zilizopepea majini. Nilifurahi kana kwamba nimelipanda mwenyewe. Nikawa nalilisha punje za chakula cha samaki kwa siri, na lenyewe lilizishika kwa zile nywele zake likazimeza. Ua linalokula lingenitia shaka, lakini nilikuwa na miaka kumi, na kitu nilichokilisha nilikipenda. Baada ya wiki mbili yalikuwa manne. Baadaye yakafika tisa, na yakalizunguka lile pango dogo ambamo samaki walikuwa wanalala. Asubuhi moja samaki mdogo akawa na kidonda cheupe ubavuni. Akajitenga pembeni, akakataa kula.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mtoto wa wafugaji peke yake angeweza kulifanya. Kwetu, kitu kikimng'ang'ania mnyama na kumdhuru, jina lake ni kupe, na kupe anang'olewa. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo, nilisifiwa kwayo. Jumatano moja mama alipokwenda soko la mifugo, nilipandisha mkono wa nguo mpaka begani, nikaingia majini, nikang'oa yale maua yote tisa, na lile lililokatika nililikwaruza kwa kucha nikalipondaponda palepale juu ya jiwe. Mkono ulinichoma kidogo lakini sikujali. Mama aliporudi nilimwonyesha jiwe tupu, akanishika kichwa, akasema, "Sahra, umefanya kazi." Nililala na kiburi changu.

Siku kumi baadaye tangi lilikuwa na maua zaidi ya thelathini. Yaliota kwenye mawe, kwenye bomba la pampu, mpaka kwenye kona za vioo. Samaki mdogo alikuwa amelala ubavu mchangani, anapumua tu.

Mama alivaa buibui lake akanichukua mpaka kibanda cha taar. Ninyi wa rika langu mnaikumbuka taar, ile redio ya kuitia watu wa mbali, ambayo ukizungumza nayo unazungumza na jimbo zima. Mwenye kibanda aliita Takaba, Takaba, mpaka koo likakauka, Takaba ikaitika, ikaahidi kumtafuta fundi, nasi tukarudi kesho yake adhuhuri kuisikia sauti ya Abti ikitoka ndani ya makelele.

"Kuna maua yameota kwenye mawe," mama alisema. "Samaki mdogo ameumwa, hali chakula. Ova."

"Hayo si maua, Abaayo. Ni wanyama, wanaitwa anemoni, wana sumu kwenye zile nywele. Usiwang'oe. Ukimrarua mmoja, kila kipande kinageuka kuwa mzima. Ni kama mathenge. Ova."

Hakuna mtu wa Garissa wa kuelezwa mathenge, mti ule wa miiba unaoukata leo na kesho ukaukuta umeleta ndugu zake. Nilishikilia buibui la mama, nikatamani ardhi inimeze.

Mama alinitazama kidogo. Kisha akabonyeza kitufe. "Nimekwisha kuwang'oa," alisema. "Mimi. Ova."

Makelele ya redio yakajaa kibandani. Sauti nyingine, ya mfanyabiashara wa ngamia sijui wa Elwak au wapi, ikaingilia ikauliza kama nyama ya wanyama hao ni halali, na mwenye kibanda akamfukuza hewani. Abti aliporudi hakulaumu. Alisema: maji ya ndimu, yachujwe vizuri, bomba la sindano jipya ambalo halijawahi kuingia dawa. Azime pampu maji yatulie. Amdunge kila mmoja mdomoni akiwa amefunguka. Wasizidi watano kwa siku, maana ndimu ikizidi maji yataharibika na samaki watakufa kwa dawa badala ya ugonjwa.

Njiani kurudi nilianza kulia, nikasema ni mimi niliyewang'oa, kwa nini amejisingizia mbele ya watu wote. Mama hakupunguza mwendo.

"Amana iliwekwa mkononi mwangu," alisema. "Haikuwekwa mkononi mwako."

Ndimu zilitoka Balambala, kwenye mashamba ya kando ya mto, ndogo na kali. Bomba na sindano vilitoka duka la dawa za mifugo, na mama alivichemsha kwenye sufuria hata hivyo. Kila siku baada ya sala ya alasiri alizima pampu, akaketi kwenye kigoda mbele ya tangi, akanyamaza. Sisi watoto tulinyamaza naye. Siku ya kwanza alifanya haraka, na anemoni wote walijikunja wakaingia kwenye vitundu vyao kabla sindano haijawafikia. Siku ya pili alibadilisha. Aliingia majini kwa upande, polepole, kivuli cha mkono wake kisiwapitie, vilevile alivyomwendea mbuzi mgonjwa. Alimdondoshea anemoni punje ya chakula, akangoja afungue mdomo, akasema bismillahi, akasukuma tone. Yule mnyama alijikunja, akageuka mweupe, akanyauka. Mama akahamia kwa mwingine. Watano, kisha akafunika bomba lake, akawasha pampu, akaenda kukamua mbuzi.

Nimewaona madaktari tangu siku hizo, nimewaona mafundi wa kila aina. Sijauona mkono uliotulia kama ule. Mwanamke asiyejua kama bahari ina ukingo alijifunza siri zake kwa kukaa na kutazama, na alipokosea alijirekebisha bila kumlaumu mtu. Nilimstaajabia siku hizo, na kila nikikumbuka namstaajabia upya.

Jirani yetu mwalimu, aliyehamishiwa kwetu kutoka upande wa ziwa, alipita jioni moja akamkuta na ndimu mkononi. "Mama Sahra," akasema, "sasa kama mmefika kwenye ndimu, mnakaanga lini?"

"Mwalimu, hii samaki si ya kubika," mama alimjibu kwa Kiswahili chake, macho hayaachi kioo. "Na usiongee fibaya, inasikia."

Mwalimu alivua viatu akaketi nasi. Kuanzia siku hiyo alikuja mara kwa mara, akakaa kimya kama sisi, na sijamwona mwalimu akikaa kimya muda mrefu namna hiyo tena.

Wengine waliota upya na mama akawadunga upya. Wiki ya tatu samaki mdogo aliinuka mchangani. Alikula punje moja akaitema, akala ya pili akaimeza. Mama alikwenda jikoni, na nilipomfuata nilimkuta amefunika uso kwa ncha ya mtandio, mabega yanatikisika. Nilirudi sebuleni.

Abti alirejea mwezi wa tano tangu aondoke, vumbi la Mandera mpaka kwenye kope. Hakuketi, hakunywa chai. Alipiga magoti mbele ya tangi, akawahesabu samaki wake, wawili, akazunguka kioo akichunguza kila jiwe. Alikaa hapo muda mrefu. Nyuma ya bomba la pampu akaona kitu.

"Abaayo, umeacha mmoja."

"Huyo nimekuwekea wewe," mama alisema. "Ningewamaliza wote, ungesema nilikudanganya kwenye redio."

Abti alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akaacha kucheka, akambusu mama mkono, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Samaki wale waliishi miaka mingi baada ya hapo, wakafa kwa uzee wao. Tangi sasa linalea vifaranga nyuma ya nyumba.

Hivi karibuni nilimsimulia binti yangu kisa hiki. Alisikiliza kwa sikio moja, la pili lina kidude cha muziki, akatafuta kwenye simu, na kabla sijafika kwenye taar akasema, "Mathe, si mngeorder tu kamba flani wanakulanga hizo vitu?" Nikaangalia, na kweli, wako kamba wa baharini wanaokula anemoni, wanaletwa mpaka mlangoni. Sina ugomvi na kamba. Ningekuwa na haja nao siku zile, ningewabusu. Lakini sikujua nimweleze vipi kwamba anemoni hawakuwa kisa chenyewe.

Enzi zile mtu aliweza kukuachia kitu chenye uhai, akaenda mahali barua haifiki, akalala usingizi. Siku hizi tunaaminiana kwa kutumiana picha. Ukimwachia mtu paka, unataka umwone huyo paka asubuhi na jioni, na mtu mwenyewe anakutumia ya juzi.

Mwezi uliopita nilitakiwa Nairobi siku nne. Nilikaa kitandani na simu, nikapitisha majina yote niliyonayo, ya kazini, ya chuo, ya makundi ya harusi na ya msiba, nikitafuta mtu mmoja wa kumwachia nyumba na ndege wa binti yangu. Nilipanda na kushuka orodha ile mara mbili. Mwisho nilimpigia mama, ambaye sasa magoti yanamuuma na macho hayaoni vizuri, nikaanza kwa salamu, nikamwambia nina safari, nikasita.

"Lete," alisema. Hakuuliza ni nini.