Fraiseuse ya Papa Héritière

Majirani wa Majengo wakisikia ninamulalamikia bwana yangu, wananiambia, "Mama Héritière, shukuru Mungu. Mwanaume halewi, hapigi, hana bibi wa inje!" Ni kweli, Havugimana ni mutu wa heshima. Lakini mi niko na wivu, na siwezi kuuficha. Muke mwenzangu ni chuma. Ni fraiseuse, ile mashini kubwa ya kukata vyuma, aliyoachiwa na muzee aliyemufundisha kazi.

Hapa Goma moulin ya kusaga mihogo ikivunjika pinyo, ile gurudumu yenye meno, mwenyewe anaileta kwa bwana yangu amukatie ingine. Anasimama mbele ya mashini, mukono moja kwenye manivela ya huku, mwingine kwenye manivela ya kule. Anazungusha kidogo, anapima, anazungusha tena. Jino moja, halafu jino lingine. Alikuwa anatoka nyumbani tungali kwenye maombi ya asubuhi, na kurudi chakula kimeganda. Hata akiwa anakula, ukimuuliza kitu anaitika "eee" tu, akili zote ziko atelie, kwenye karakana yake.

Siku moja tukitoka kanisani akaniambia, "Mama Héritière, nitaifanya ijiendeshe. Natoa manivela zote, naweka moteri, na ordinateri, ile kompyuta, ndiyo itaziongoza. Mi nitaandika vipimo tu, yenyewe itakata. Halafu nitakuwa narudi mapema, tunaikala wote."

Tunaikala wote! Nilifurahi, mi mujinga, nikaanza kumusaidia mwenzangu. Moteri zilitoka Kampala, zikakwama kwenye duane, ile forodha ya mupaka wa Bunagana. Nani alienda kuzitoa? Mimi. Nikabembeleza, nikagomba, nikabembeleza tena, na kurudi nimezipakata njia nzima kama mutoto muchanga. Havugimana alizifungua kabla ya kuniuliza kama nimekula. Nikasema moyoni, vumilia Emerance, hii ni ya mwisho.

Ordinateri ya zamani aliipata kwenye biro moja ya Himbi. Akaifunga yote, akaiwasha, na chuma cha kwanza kikatoka meno yamepinda. Kumbe vis, zile skrubu ndefu zinazosukuma meza ya mashini, zilikuwa zimelegea tangu zamani. Mukono wake ulikuwa umezoea ule ulegevu, unaurekebisha wenyewe bila yeye kufikiri, lakini ordinateri haina mukono. Ikabidi afungue kila kitu na kutafuta vis mpya. Musimu wote wa mvua uliisha vile. Mi nilishikwa na malaria, akaniletea dawa, akaiweka mezani na kutoka. Lakini ile mashini ikikohoa kidogo tu, anaacha sahani na kukimbia. Niliichukia, niseme ukweli. Nilitamani ivunjike.

Haikuvunjika. Asubuhi iliyofuata, baada ya kufunga ile vis ya mwisho, Aubin, musuderi anayeunganisha vyuma kwenye atelie ya jirani, akapita kwetu akipiga kelele, "Mama Héritière, imekubali! Inakata yenyewe!" Yesu wangu, nilicheza pale pale kwenye kiwanja. Nikanunua sambaza mbichi, wale samaki wadogo wa ziwa, nikasonga fufu, nikavaa kile kikwembe cha Pasaka. Nikaikala mulangoni namungoja bwana yangu, yule wa kurudi mapema.

Saa kumi ikapita. Saa kumi na moja. Sambaza zikapoa, na mi nikawaka. Nikashika njia ya atelie na kile kikwembe changu.

Mashini ilikuwa inakata, hakuna mutu anayeigusa. Havugimana alikuwa ameikala kwenye kibao, mikono kwenye magoti, bure kabisa.

"Papa Héritière, si inajikata yenyewe?"

"Inajikata."

"Sasa we unafanya nini hapa?"

"Ninaiangalia."

Hata hakugeuka! "Kumbe miaka yote si kazi iliyokufunga," nikasema. "Leo mikono yako iko huru na bado uko hapa. Mi uliniangalia hivyo siku gani? Niambie, siku gani?"

Hapo akageuka. Hakukasirika, wala hakuona haya. Aliniangalia kama mutu asiyeelewa swali, halafu akasogea kidogo kwenye kibao kunipa nafasi. "Kuja uone," akasema.

Niliikala ili nimutukane karibu. Nikainua macho kwanza. Meza ilikuwa inateleza taratibu, inasimama, inarudi. Kisu kinashuka, kinaingia kwenye chuma bila kusita, yale mafuta meupe ya kupoza chuma yanatiririka, na vipande vinajikunja vinaanguka. Jino likatoka, linang'aa. Chuma kikazunguka kidogo chenyewe, kikajipanga, kisu kikashuka tena. Matusi yakaniisha mudomoni.

"Unaona?" akauliza polepole.

Niliona. Na hapo ndipo uchungu ulinishika kweli. Ingekuwa mwanamuke, ningemukuta sokoni nikamuvua kitambaa cha kichwa mbele ya watu. Lakini hii ilikuwa nzuri, Mungu wangu, nzuri sana, na kama ningekuwa yeye, hata mi nisingerudi nyumbani.