Kisakinishi Kisichokubali Hapana

Mwalimu wa kompyuta wa sekondari moja ya Faza, mama wa bara aliyehamishiwa kisiwani kwetu mwaka ule, hakunisalimu. Alinionyesha safu ya kompyuta kumi na mbili, zote zimekwama katikati ya kazi.

"Kaa. Soma hiyo skrini kwa sauti."

Kisakinishi, programu inayoweka programu nyingine, kilikuwa changu. Nilijitolea kukiandika, nikiwa na shahada mbili na muda mwingi usio na kazi, ili kiweke programu za mtihani kwenye mashine zote. Programu zenyewe nilizileta kwenye flashi, zimeshatengenezwa, kwa kuwa mtandao wa shule haufai kitu. Naye alikuwa amechagua, kwenye orodha niliyoiandika mimi: tumia vya kwenye flashi tu.

Kifurushi kimoja cha programu hakikuwamo kwenye flashi. Kisakinishi hakikusema neno. Kiliingia mtandaoni, kikashusha msimbo mbichi, yaani maandishi ya programu ambayo bado haijatengenezwa, kikaanza kuijenga programu upya kwenye kila mashine, hadi bando la intaneti la shule likaisha. Mtihani wa vitendo ulikuwa kesho yake asubuhi.

Nilijitetea kwamba mtu akikosa kitu hupenda kutafutiwa. Kwetu mgeni akisema ameshiba huongezewa wali, hakuna anayemwamini. Nilipokuwa nikisema hayo nikatambua kwamba ndivyo nilivyoandika. Kila hapana ya mtumiaji niliihesabu kuwa adabu.

"Bwana msomi, mimi si mgeni wako. Nikisema hapana, simama."

Akavuta kiti akaketi nyuma ya bega langu. Niliandika upya: kifurushi kikikosekana, kisakinishi kisimame, kikitaje, kingoje. Kwa kunikomoa akachagua mambo mawili yanayopingana, flashi tu na mtandao tu. Kikajiamulia chenyewe, kikaendelea.

"Bado kina kiburi," akasema. "Kimerithi kwa nani?"

Nikakifunza kukataa. Kifurushi kilichokosekana kilikuwa kwenye laptopu yangu muda wote, nilisahau kukinakili. Aliposikia hilo akanisogezea flashi, na heri angetukana.

Hadi magharibi mashine nane zilikuwa tayari. Nne zilitaka kufutwa kabisa, na muda haukutosha.

Asubuhi wanafunzi wanne walibaki ukumbini wakingoja wenzao wamalize ili watumie mashine zao. Nilitaka kuteleza nje. Mwalimu akasimama mlangoni.

"Waeleze wewe."

Nikawaeleza. Msichana wa mbele akauliza kama wao watapewa muda sawa na wa wenzao. Nikamgeukia mwalimu.

"Usinitazame mimi."

Nikamwambia yule msichana kwamba sijui.